Naomba Ruhusa, Baba Mkubwa

Mtu nisiyemjua hata sura aliniandikia kwamba sijui kumaliza. Aliandika kwa Kiingereza, kwenye kisanduku kidogo cha ujumbe kando ya ubao wa chesi wa kwenye kompyuta, nami nikausoma ujumbe wake nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika duka la stesheneri karibu na stendi ya Lushoto. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri fotokopi za mtihani. Nilimtolea kurasa zimepinda, nyingine kichwa chini, akanitazama kama anayemtazama mlevi. Nikamwambia mashine ina unyevunyevu.

Nilikuwa pale kwa sababu sikuwa na pengine. Kiwanda cha mbao cha serikali nilichofanyia kazi kilikuwa kimeuzwa, sisi tukapunguzwa, na kila mtu aliyebaki na mikono miwili akaambiwa ajiajiri. Mwenye duka, mtu wa Tanga, alinichukua kwa kuwa najua kuchapa. Alianza na mashine ya taipu, ikaja ya fotokopi, halafu ikafika miaka ile kila mji ulipotaka kuwa na intaneti, akaleta kompyuta tatu na kuziunga kwenye waya mmoja wa simu. Wateja walikuwa wachache: Wazungu walioshuka kutoka matembezini milimani, na vijana wanaotafuta vyuo. Kati ya mteja na mteja nilikuwa na mchana mrefu, na ndani ya mchana huo nikagundua kwamba naweza kucheza chesi na dunia nzima.

Ilikuwa chesi ya haraka. Kila mchezaji anapewa dakika tatu, zikiisha umeshindwa hata kama una jeshi lote mezani. Kwa waya wetu ule, dakika tatu zilikuwa mbili. Unasogeza farasi, unangoja, saa yako inakula, halafu mara ubao unaruka na mpinzani ameshacheza. Nikajifunza kucheza kwa mkono kabla ya kichwa. Nilikuwa mzuri. Nasema hivi bila haya, kwa sababu vitu ninavyoweza kujisifia ni vichache na hiki ni kimoja.

Yule mtu tulicheza naye karibu kila siku kwa miezi. Alikuwa sehemu yenye baridi, maana mara moja aliniambia ametoka kusukuma theluji mlangoni. Siku ile ya mvua akaniandikia, kwa adabu kabisa, jinsi anavyoniona. Alisema naanza vizuri na kwa kasi. Alisema farasi wangu wanamtoa jasho, kwamba siogopi kubadilishana malkia, na kwamba nikizidiwa ndipo ninapocheza vizuri zaidi, kama mtu aliyezoea kuzidiwa. Kisha akaandika yale mengine. Nikiwa nimeshinda, nasimama. Mfalme wake amebanwa, hana pa kwenda, imebaki hatua moja, nami nasogeza askari wa pembeni asiye na kazi, au namwomba tutoke sare. Mwanzoni alidhani ni mtandao wetu. Baadaye akaona si mtandao. Akaniuliza: unanionea huruma? Usinionee.

Nilimtukana kwa Kishambaa, kwa sauti, hapo dukani. Halafu nikausoma tena ule ujumbe, maana niliujua ugonjwa wenyewe na nilimjua aliyenipa.

Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa karani wa ofisi ya misitu hapa Lushoto. Mtaalamu mmoja wa kigeni alimfundisha chesi, na alipomaliza mkataba akamwachia ubao na vipande vyake. Ngome moja ilipotea njiani, tukaweka kifuniko cha dawa ya meno mahali pake. Baba mkubwa alipostaafu akarudi kijijini kwetu, upande wa Mlola, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa na subira naye, akanifundisha mimi. Nilikuwa bado nasoma. Kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwake, namwamkia shikamoo, naitikiwa marahaba, nakaa kwenye kigoda, yeye kwenye kiti.

Alinifundisha mwendo wa kila kipande, na pamoja na mwendo akanifundisha adabu. Mdogo hamuui mfalme wa mkubwa. Ukiona umemshinda mzee, husemi, wala hugusi kile kipande cha mwisho. Unainuka, unasema, "Naomba ruhusa, baba mkubwa," unatoka nje, unajifanya una haja au unakwenda kunawa. Ukirudi unakuta mzee amekusanya vipande vyote na anaongea habari za mvua. Hakuna aliyeshindwa. Lakini Ijumaa inayofuata, ukifika, unakuta amekupangia nyeupe upande wako, wewe ndiye wa kuanza. Hapo ndipo anakiri. Mtu mzima anajua kukiri bila kupiga kelele, alisema, na mtoto mwenye akili anajua kungoja.

Mimi niliona ni jambo zuri sana. Hata leo nikilifikiria peke yake, bila yaliyofuata, naona lina uzuri wake, na hilo linanikera.

Sasa shamba. Mama yangu alikuwa na shamba bondeni, kutoka kwenye mstari wa masale ya mpakani hadi mtoni, ardhi nyeusi isiyokauka hata kiangazi. Baba alimkatia kipande hicho mama alipomzaa dada yangu. Miaka mingi lilikuwa shamba la kawaida tu: magimbi, miwa, maharage, na watu walimcheka mama kwa kushinda kwenye tope huku wenzake wakilima mahindi juu. Halafu ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kupanda kutoka Mombo usiku na mchana kutafuta kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam, na mabonde yakageuka dhahabu. Wale waliomcheka mama wakaanza kumsalimia kwa kirefu. Yeye akapanda kabichi kama wengine, lakini kona moja aliibakiza kwa maharage, maana alisema kabichi ni ya malori na maharage ni ya kula.

Baba akafariki katika miaka hiyohiyo. Baada ya arobaini, baba mkubwa akaita kikao cha ukoo. Habari ilishatangulia: atasema shamba la bondeni ni la ukoo, marehemu alilitumia tu, na sasa linarudi kwa mkubwa wa ukoo, yaani yeye mwenyewe. Mama hakulia. Alifungua kopo la biskuti alimoweka kadi zetu za kliniki, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akanipa.

Karatasi ilisema shamba lile, kutoka masale hadi mtoni, ni la mama na watoto wake. Baba alikuwa ametia sahihi. Chini yake palikuwa na sahihi ya shahidi, na shahidi alikuwa baba mkubwa. Si hivyo tu, karatasi nzima ilikuwa mwandiko wake, ule mwandiko wa karani ulioinama kulia na wenye herufi kubwa za mapambo, kwa sababu ndani ya ukoo wetu aliyekuwa akiandika kila kitu ni yeye. Alikuwa ameisahau, au alidhani panya wameshaila.

"Utaisoma mbele ya watu," mama alisema.

"Nitaisoma, mama."

Tulikaa sebuleni kwa baba mkubwa, wanaume kwenye mikeka na viti. Wanawake walikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa udongo, na sote tulijua wanasikia kila neno. Baba mkubwa alisema aliyoyasema. Alisema vizuri, kwa utaratibu, akamtaja marehemu kwa mapenzi. Jirani yetu wa bondeni, anayepakana nasi, akatoa ushahidi kwamba anavyojua yeye shamba ni la mama. Baba mkubwa akamjibu kwa upole kwamba jirani huona jembe, haoni mwenye ardhi. Watu wakacheka kidogo. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama nina neno.

Nilikuwa na karatasi kwenye mfuko wa koti. Niliitoa nusu, mpaka ule mwandiko ulioinama ukaonekana. Alikuwa amekaa karibu nami kuliko mtu yeyote. Aliuona. Nilimwona akiuona, kidevu chake kilisogea kidogo, na mkono uliokuwa umeshika tasbihi ukasimama. Tulitazamana. Hakukuwa na mtu mwingine sebuleni aliyejua kinachoendelea. Nikiisoma ile karatasi, mkubwa wa ukoo, mtu anayetuongoza kwenye kila msiba na kila posa, atakuwa mwongo mbele ya wakwe na wajukuu, kwa mkono wake mwenyewe.

Nikairudisha mfukoni. Nikainuka.

"Naomba ruhusa, baba mkubwa," nikasema.

"Nenda, mgoshi," akanijibu, akiniita mwanamume kwa Kishambaa, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba nilimhurumia.

Nikatoka. Nilikwenda mpaka kwenye mfereji chini ya nyumba, nikavua viatu, nikaosha miguu ambayo haikuwa michafu. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo ninaloona aibu kulieleza kuliko yote: nilikuwa na furaha, nikijiona mtu mzima mwenye hekima, niliyempa mzee mlango wa kutokea. Nilijua huko ndani anakusanya vipande. Atasema amefikiria upya, atasema tusigombane kwa ajili ya tope, na mama atabaki na shamba, na yeye na jina lake. Niliosha mpaka vidole.

Niliporudi, viganja vya watu wote vilikuwa juu, shehe anamalizia dua. Nikainua vyangu. "Amina," wakasema, nami nikasema amina. Ndipo watu walipoanza kusimama na kumshika mkono baba mkubwa, na binamu yangu mmoja akaninong'oneza kwamba limeshapita, shamba limerudi kwa mkubwa, maana waliuliza kama kuna pingamizi na mimi sikuwepo.

Mama alinisubiri njiani. Tulitembea mpaka nyumbani. Mlangoni akageuka.

"Nilisikia ukiomba ruhusa. Kwa nini hukusoma?"

"Ni heshima, mama. Ameiona karatasi. Atalirudisha mwenyewe, ngoja uone."

"Heshima ya nani?"

Nilimwambia angoje Ijumaa. Alinitazama, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaingia ndani, akairudisha kwenye kopo la biskuti.

Ijumaa nikaenda. Nilisalimia nje, nikavua viatu, nikaingia. Ubao ulikuwa umeshapangwa juu ya stuli. Nyeupe ilikuwa upande wake.

Ningeweza kuupiga teke ubao ule. Ningeweza kumwambia maneno ambayo nimeyaandaa mara nyingi tangu siku hiyo, mengine nikiwa naoga. Nilichofanya ni kukaa kwenye kigoda na kucheza nyeusi. Nikashindwa, na asiyekubali kushindwa si mshindani, baba mkubwa akasema huku anacheka. Mkubwa ni jaa, hutupiwa kila taka. Huyu alikuwa jaa linalotupa taka kwa majirani. Sikurudi tena kwake kwa miaka mingi.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda baraza la kata na ile karatasi. Mwenyekiti aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Akasema karatasi ni nzuri sana. Akauliza kwa nini sikuitoa siku ya kikao. Kisha akafungua muhtasari wa kikao, nao uliandikwa kwa mwandiko uleule ulioinama kulia: kijana wa marehemu aliulizwa kama ana neno, akaomba ruhusa, akatoka. Mwenyekiti akanirudishia karatasi yangu na kuniambia mambo ya ukoo hayafukuliwi. Nilimwambia naomba basi anisikilize. Akasema amenisikiliza.

Baba mkubwa hakulima lile shamba hata siku moja. Alilikodisha kwa mfanyabiashara wa kabichi, mtu wa mjini mwenye lori. Mavuno ya kwanza baba mkubwa alituletea kabichi mbili, kubwa, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akamwambia ahsante shemeji, na alipotokomea mlimani akazikatia mbuzi. Mama akapewa kipande huko juu kwenye mteremko, kwenye udongo mwekundu, ambako mvua ikinyesha maharage yanateremka pamoja na ardhi. Alikuwa akipanda akiwa amejishikilia kwenye jembe. Sikumsikia akilalamika, na kila asubuhi nilitamani alalamike.

Hayo ndiyo aliyoyaona yule mtu wa theluji, bila kuyajua, kwa dakika tatu tatu.

Basi nikaanza kujitibu. Dukani, mchana, nikawa najilazimisha kumaliza. Mwanzoni mkono ulikataa. Nilikuwa naona njia, naiona wazi kabisa, na mkono unakwenda kwa askari wa pembeni kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nilipoteza michezo iliyokuwa yangu, saa ikiisha huku mfalme wa mtu amekaa uchi. Nikabandika karatasi ndogo kwenye kioo cha kompyuta: MALIZA. Mwenye duka akauliza ni kazi gani sijamaliza. Polepole mkono ukajifunza. Siku nilipomfunga yule mtu mara tatu mfululizo, mfalme wake ananaswa katikati ya ubao, akaniandikia neno moja la pongezi. Nilicheka peke yangu dukani. Nikaona niko tayari.

Baba mkubwa alikuwa amezeeka. Macho yalimsumbua, miguu ilimvimba, na watoto wake walikuwa wametawanyika, mmoja Bungu, wengine Dar. Nilifika Ijumaa baada ya swala. "Shikamoo, baba mkubwa." "Marahaba, mgoshi. Umepotea." Hakuuliza nimefuata nini. Alimwita mkewe alete ubao, akapanga vipande kwa kupapasa, kifuniko cha dawa ya meno kwenye pembe yake. Alipomaliza niliona amenipa nyeupe. Sijui kama ni macho yalimchanganya au ni toba aliyokuwa amenitunzia miaka yote hiyo. Sikumuuliza. Nilisogeza askari wangu.

Hatukuwa na saa, lakini nilicheza kama nina dakika tatu. Alikuwa mzito, anagusa kila kipande kabla ya kujua ni nini. Nilimla ngome, nikamla malkia, nikamsukuma mfalme wake mpaka kona ya kifuniko. Ikabaki hatua moja. Aliinua uso. Aliona, kwa macho yake mabovu aliona vizuri sana, akaweka mikono magotini na kungoja. Alikuwa ananipa nafasi ya kuinuka. Nilimwona akitega sikio kwa maneno yale.

Nikaweka malkia mbele ya mfalme wake. "Amekufa, baba mkubwa," nikasema.

Mkewe, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, aliacha kuchambua.

"Nilikuwa nangoja uombe ruhusa," akasema.

"Nilishaiomba."

Akaanza kukusanya vipande, kimoja kimoja, akikosea sanduku. Sikumsaidia. Niliaga, nikatoka, na nilipopita bondeni niliona vibarua wa yule mfanyabiashara wakipakia kabichi kwenye lori, mstari wa masale umeng'olewa ili lori lipate pa kugeuzia. Bado nilikuwa na furaha. Nilipanda mlima nikihema, kama mtu aliyebeba habari njema.

Mama alikuwa nje, amekaa kwenye gunia, anapukuchua maharage machache ya msimu ule.

"Mama, nimemshinda."

Mikono ikasimama. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu siku ya kikao, na nikaelewa, nikiwa nimechelewa tena, ni habari gani anayodhani nimeleta.

"Umemshinda nani?"

"Baba mkubwa. Kwenye chesi. Nimemuua mfalme wake, sikuomba ruhusa."

Aliangalia chini. Akaokota ganda moja, akalipasua, maharage matatu yakadondoka kwenye ungo.

"Kwenye kibao," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kina nafasi ngapi, kibao hicho?"

"Sitini na nne."

"Basi kalete," akasema. "Nitapanda maharage mawili mawili."